Ukuta Umfuate Mchoraji

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nasikia harufu ya chokaa mbichi mikononi. Ilikuwa miaka ile mibaya. Kampuni ya shaba ilikuwa imeishiwa nguvu, mishahara haifiki, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Kolwezi mtaa kwa mtaa. Mimi nilikuwa msichana mwenye galeri, nimesoma sanaa kidogo Lubumbashi, na nilijiona mjanja kupita kiasi.

Umekuja kuniuliza juu ya chumba ulichokodi kwa ajili ya galeri yako, kwenye barabara ya kwenda Fungurume. Upake rangi gani, taa uziweke wapi. Halafu ukaniuliza kwa sauti ya chini kama si vizuri ungoje kidogo kutundika picha za yule mchoraji wako ambaye mtaa wao unabomolewa kwa ajili ya mgodi, mpaka mambo yake yatulie. Ya rangi na taa nitakujibu baadaye, maana hayo nayajua na napenda sana kuyasema. Hilo la kungoja ndilo limenifanya niweke kikombe chini. Basi kaa vizuri, na uzime hiyo simu.

Galeri yangu ilikuwa gereji. Mwenye gereji alikuwa Tata Ramazani, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mtu wa malori. Malori yake yalikuwa yanapeleka bidhaa hadi Mutshatsha na kurudi na makaa na mahindi. Vipuri vilipokosekana lori moja likafa, na nafasi yake ndani ya gereji ikabaki wazi. Nilimwomba, akanipa. Hakujali picha hata kidogo. Alisema tu kwamba chumba kikikaa bila mtu panya wanakigeuza chao.

Wanunuzi wetu wa kwanza walikuwa wageni wa kampuni, na wote walikuwa wameondoka. Hata kitambaa cha kuchorea kilikuwa shida. Wachoraji wetu walizoea kuchora juu ya mifuko ya unga, ile ya kitambaa, wakiipaka gundi na rangi nyeupe kwanza. Unga ulipoadimika madukani, mifuko nayo ikaadimika, kwa hiyo vijana wangu walikuwa na njaa mara mbili. Wengine walikata mashuka ya mama zao. Nilipigiwa kelele na mama mmoja sokoni, mbele ya watu, kwa sababu ya shuka la arusi yake. Alikuwa na haki.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo wewe, uliyekulia kwenye televisheni, pengine hukuliona. Nyumba zetu za wafanyakazi zote zilikuwa na picha sebuleni. Haikuwa pambo. Mgeni anaingia, anakaa, anapewa maji, anainua macho ukutani na kuuliza, hii ni nini? Hapo mwenye nyumba anaanza kueleza, na mazungumzo yanapata njia. Picha isiyoulizwa ilikuwa ni mfuko wa unga wenye rangi, basi. Kwa hiyo galeri yangu ilikuwa na sheria moja: siku ya ufunguzi, mchoraji anasimama kando ya picha yake na anajibu kila anayeuliza. Asiposimama, hatufungui. Nilikuwa mkali katika hilo, na nilijivunia ukali wangu.

Kati ya vijana wangu alikuwepo mmoja, Mukendi. Alizaliwa Kolwezi, hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Marehemu baba yake aliendesha mashine kubwa katika mashimo ya mgodi wa Mashamba mpaka mapafu yakamkataa. Wazazi wake wote wawili asili yao ilikuwa Kasai, lakini Mukendi mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga huko. Alikuwa na mkono mzuri na mdomo mzito. Ukimuuliza jambo anaangalia viatu vyako. Nilimpa Jumapili moja, maonyesho yake ya kwanza, ukuta mzima peke yake, na mara moja kijana akapatwa na hofu ya kuulizwa. Mama yake, Mama Ngalula, aliniambia kwamba kila jioni akichambua maharagwe, mtoto anamsimamisha mbele ya picha na kumwambia, mama, niulize. Naye anamuuliza. Miezi mizima walifanya hivyo.

Kabla ya Jumapili hiyo kufika, wakubwa walisema yao redioni na viwanjani. Waliotoka Kasai wakaitwa bakuyakuya, yaani wale waliokuja tu, warudi walikotoka. Vijana wa chama cha wakubwa hao wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu niliosoma nao, mwanangu. Walifika kwa Mama Ngalula asubuhi, na kufikia mchana ndani ya nyumba ile kulikuwa na familia nyingine inapika. Mukendi, mama yake na watoto wa dada yake wakaenda stesheni, mahali walipokuwa maelfu wengine wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Walilala chini, kati ya makabati na vyerehani ambavyo watu wa mjini walikuja kuvinunua kwa bei ya aibu. Sitakueleza yote. Yaliyobaki waulize waliolala pale.

Picha zake zilikuwa kwangu, salama ndani ya gereji. Mimi ni mtu wa ukoo wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu huuhuu, hakuna aliyenigusa. Ile Jumamosi niliyokutajia nilimaliza kupaka chokaa ukuta, kisha nikaenda stesheni kumwona.

"Batablo yako iko bien," nilimwambia, yaani picha zake ziko salama. "Mi nitaichunga mpaka hii mambo itapola. Utarudia, njo tutafanya exposition, ile maonyesho yako."

Mama yake alicheka, cheko kavu.

"Kurudia wapi, binti? Nyumba iko na batu ndani."

Mukendi aliangalia viatu vyangu. "Sawa, yaya," alisema, maana aliniita dada mkubwa. "Aksanti."

Nikarudi nimeridhika. Kweli, moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa. Nilikuwa nimeokoa kazi ya msanii wakati wa fujo, kama walivyotufundisha shuleni kwamba ndiyo kazi ya galeri. Nilikuwa tayari natunga kichwani hotuba nitakayosoma siku ya amani.

Tata Ramazani alikuwa amekaa mlangoni pa gereji juu ya tairi, kofia yake nyeupe kichwani, anamenya chungwa kwa kisu. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia, na nadhani nilimwambia kwa madaha kidogo.

"Ulimuambiaka mutoto siku gani?" akauliza.

"Kesho, tata. Dimanche."

"Alors, balifukuza na dimanche?"

Nikamweleza kwa utaratibu, kama unavyomweleza mtu asiyejua sanaa, kwamba Mukendi hawezi kuvuka mji, atapigwa njiani, na kwamba bila yeye kusimama pale sheria yangu hairuhusu kufungua. Alikula chungwa lake lote kabla ya kunijibu.

"Mi sikuuliza kama yee atafika huku," alisema. "Mi niko mutu wa malori. Njia ya Mutshatsha ikikatika, mi nasemaka na mwenye bintu, ngoja njia itapona? Napitaka kwengine. Yee hawezi kutembea. Wewe uko na miguu, hakuna mutu anakugusa. Sasa ni nani anapashwa kutembea?"

"Tata, batablo itaharibika kule. Kuko mvula, kuko matope, kuko bale vijana."

"Itaharibika. Na yee? Unamuchungia batablo, yee mwenyewe nani anamuchunga? Ile unafanya inakufurahisha wewe. Mutoto umemupa nini?" Akafuta kisu kwenye suruali. "Leo banasema na batu ya Kasai. Hata mi, baba yangu alikuyaka tu. Kesho njo watanikuta mi hapa pa hii pneu. Usiningojee mpaka itapola."

Nilikasirika, mwanangu. Nilisema moyoni, tazama mzee huyu anayepima kila kitu kwa tani, leo ananifundisha galeri. Nikaingia ndani nikafunga mlango kwa nguvu. Kisha nikasimama mbele ya ukuta wangu mweupe, mzuri, mtupu. Sheria yangu ilisema mchoraji asimame kando ya picha yake. Haikusema ukuta uwe wa nani. Niliona haya, na haya hiyo ilinifaa kuliko cheti changu chote cha Lubumbashi.

Jumapili, baada ya misa, tulipakia picha kwenye pikapu ya mzee. Yeye mwenyewe aliendesha. Niliogopa, sitakudanganya.

Stesheni kulikuwa na banda la mizigo lenye nguzo za chuma. Tulifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, na Mama Ngalula akatoa vibanio vya nguo kwenye beseni lake. Vyote alivyoacha nyuma, na vibanio alikuja navyo! Tukatundika picha kama nguo zilizofuliwa. Mukendi aliingia nyuma ya rundo la magodoro, na aliporudi alikuwa amevaa shati safi, sijui alilitunza wapi. Akasimama kando ya kamba, mikono nyuma.

Watu walikuwa wanapita na maji, na sufuria, na watoto mgongoni. Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaitazama picha iliyokuwa mbele yake, muda mrefu.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mukendi akanitazama mimi. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimefungua mdomo. Huo ndio ugonjwa wetu sisi wenye magaleri, kujibu kwa niaba ya mchoraji kwa sababu tunajua maneno mazuri. Tata Ramazani akanikoholea. Nikafunga.

"Ni salon ya kwetu, tata," Mukendi akasema polepole, maana ilikuwa sebule yao. "Siku ya mushahara. Papa anatoka ku kazi, anaikala pa kiti yake. Mama analeta maji."

Mzee akasogea karibu. "Kiti ya papa haiikalake vile," alisema. "Kiti ya papa inaangalia mulango."

"Kwetu iliangaliaka radio, tata."

"Radio! Na mugeni akiingia, anaona mugongo ya papa?"

Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akaitua chini, akasema mzee ana haki, kiti ni mlangoni. Mwingine akasema hapana, kwao kiti kilikuwa chini ya dirisha kwa sababu ya upepo. Wakaja wengine. Wakabishana kuhusu vitambaa vya kufuma vya kuwekea juu ya viti, kama vinakunjwa au vinaachwa vining'inie. Watu ambao viti vyao vilikuwa vimeuzwa juzi, mwanangu, walisimama pale wakigombania mahali pa kuviweka, na wakacheka. Mimi nilienda nyuma ya banda nikalia kidogo. Niliporudi Mukendi alikuwa anazungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, haangalii viatu vya mtu yeyote. Anaeleza picha ya watu wa baiskeli wanaoleta makaa kutoka Mutshatsha, anaeleza kwa nini yule wa mwisho hana viatu, anabishiwa, anabisha.

Kisha wakaja vijana wa chama. Wanne au watano, na mkubwa wao Ilunga, kijana wa mtaa wetu aliyejua jina langu na la mama yangu.

"Yaya, wewe uko mutu wa kwetu," alisema. "Unafanya nini hapa na hawa?"

"Niko ku kazi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Ni exposition."

"Autorisation iko wapi?"

Sikuwa na kibali chochote. Watu walianza kurudi nyuma, kimyakimya, wakiwavuta watoto. Tata Ramazani akasimama kutoka kwenye gurudumu la mkokoteni alipokuwa amekaa, akamwonyesha Ilunga kamba kwa mkono, kwa heshima zote, kama anamkaribisha nyumbani.

"Angalia kwanza, mutoto wangu. Mwenye kuifanya ni ule. Umuulize."

Ilunga akatembea mbele ya picha. Nadhani alitaka tu kuonyesha kwamba haogopi picha. Akafika kwenye ile kubwa, shimo la Mashamba likionekana kutoka juu, na mashine ya baba yake Mukendi chini kabisa, ndogo. Akasimama.

"Hii ni Mashamba," alisema.

"Njo Mashamba," Mukendi akajibu.

"Ulisahau barabara ya malori, huku upande."

"Sikuisahau. Wakati ya papa haikuwako. Baliipasua kisha."

"Ilikuwako."

"Haikuwako. Uulize mama yako, alikuwaka anauzisha mikate pale."

Ilunga akawa anafikiri. Nilimwona kwa macho yangu, kijana anakumbuka mikate ya mama yake na barabara ilipita wapi. Halafu akakumbuka wenzake wako nyuma yake, uso ukarudi vilevile, akaing'oa picha kwenye kamba, vibanio vikaruka, akaikunja kwapani. Akasema tukiwa bado hapa jioni atachoma zote. Wakaondoka. Mpaka leo sijui kama aliichana au aliitundika kwake. Nimejiuliza mara nyingi na nimeacha.

Mukendi alianza kuokota vibanio. Lakini yule mzee wa miwani alikuwa bado yupo, na alikuwa bado hajamaliza suala la kiti. Wakaendelea mpaka jua liliposhuka, tukafungua kamba.

Treni ilikuja katikati ya wiki, mchana, na mvua. Mabehewa ya mizigo, mengine hayana paa. Nilikwenda. Mukendi alikuwa amewaweka watoto wa dada yake kwenye kona ya behewa, na juu yao alikuwa anafunga ile picha ya sebule, upande wa rangi nje, kwa sababu rangi ya mafuta haipitishi maji. Mimi mwenye galeri nilifungua mdomo kulalamika, nikakumbuka niko wapi, nikamshikia kamba.

Nilimwambia zile zilizobaki aniachie, safari hii kwa nia njema kweli, mvua itaziharibu. Akatikisa kichwa.

"Yaya, usikasirike," alisema. "Ile samedi ulisema utazichunga, usiku ule sikulala. Mi sikutakaka bazichunge. Mi nilitakaka baniulize."

Mama Ngalula akanishika mkono kupitia ubao, treni ikaondoka. Sikumwona tena Mukendi. Nimewauliza watu waliotoka Mwene-Ditu, waliotoka Kananga, huko Kasai, hakuna anayemjua. Wanafunzi huniuliza kama alikuwa mchoraji mkubwa. Sijui angekuwa nani. Najua kwamba Jumapili ile alikuwa mchoraji, mbele ya watu wake, na walimbishia kama mchoraji. Kama ningengoja mambo yatulie, asingekuwa hata siku moja, na mimi ningebaki na picha safi za mtu asiyekuwepo.

Baada ya hapo nilifanya kazi nyingine kabisa kwa jina lilelile. Gereji ilibaki ghala la kamba na vibanio. Nilitundika picha uwanjani pa kanisa, uani kwa baa, sokoni Mutshatsha kati ya makaa na mihogo. Vijana wengi walioulizwa kwa mara ya kwanza mbele ya kamba yangu wanachora hadi leo, na wengine wamepanda ndege kwa ajili hiyo. Tata Ramazani hakufukuzwa, Mungu alimstiri, akafa kitandani kwake. Hakuwahi kununua picha hata moja.

Basi nisikilize, mwanangu, na haya uyaweke moyoni. Msanii chipukizi hahitaji umtunzie kazi yake mpaka dunia ipate nafasi. Dunia haipati nafasi, hapa kwetu hasa. Anahitaji siku yake, na uitoe siku uliyoahidi, hata kama utaitoa vibaya, kwenye matope, bila taa. Kama yeye hawezi kufika kwenye ukuta wako, ng'oa ukuta uende alipo. Mchoraji wako ambaye nyumba yao inabomolewa, kamtundike pale pale mtaani, wiki hii, wakati majirani waliomo ndani ya picha zake bado wako pale kumbishia. Wakishatawanyika, nani atamwambia kiti kimewekwa vibaya? Na watu wakimuuliza, wewe funga mdomo, hata ukijua jibu zuri kuliko lake. Woga utakuwepo. Nenda nao.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na chumba chako na yule kijana wako. Akupe miguu isiyochoka, akupe mzee wa kukukoholea unapotaka kusema mno, na kila utakayemtundika apate walau mtu mmoja wa kusimama mbele yake na kumuuliza. Sasa nenda. Ya taa tutazungumza ukirudi.